Kipanya Kisicho na Mkia



Ukishajulikana kuwa unasoma uhandisi, umekwisha. Hakuna anayejali ni uhandisi gani. Mimi niko uzamili, uhandisi wa mitambo, na kazi yangu ya kila siku ni pampu na mabomba. Lakini tangu nifike hapa nimeshaletewa simu iliyotumbukia kwenye sufuria ya maharage, friji linalonguruma usiku, na redio ya gari iliyogoma. Zaidi ya yote naulizwa kuhusu kipanya cha kompyuta. "Kaka, wewe si injinia? Ninunue cha Bluetooth au kile chenye kidude cha kuchomeka kwenye USB?" Swali hili nimelisikia maktaba, nimelisikia kwenye teksi inayopanda kwenda Howard College, na siku moja nimelisikia nje ya msikiti wa Juma pale Grey Street, sala ya Ijumaa ndiyo kwanza imekwisha. (Najua barabara ile sasa ni Dr Yusuf Dadoo Street, ila mjini watu bado wanasema Grey Street, nami nafuata watu.) Basi nimeona nilijibu kwa maandishi mara moja, ili atakayeuliza tena nimwambie: soma gazeti la chama.

Wapo watakaosema jambo lenyewe ni dogo. Sikatai. Lakini kwa mwanafunzi anayehesabu randi hadi mwisho wa mwezi, jambo dogo halipo. Na mwaka 2024 swali hili liliacha kuwa la utani, manake liligusa mchango wa wanachama na darasa zima la watoto kule Korogwe. Nitafika huko. Kwanza tuelewane mambo yenyewe.

Tuanze na majina. Kwetu Dar es Salaam ukisema kipanya, mtu anaweza kufikiri unataka kupanda Hiace. Wengine husema mausi, wengine puku. Hapa nitasema kipanya. Kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye laptopu nitakiita kipokezi, kwa sababu kazi yake ni kupokea. Na ile hali ya kifaa kimoja kukubaliana na kingine inaitwa utangamano. Neno hilo halina ugeni kwetu, ndugu yake mtangamano tunamsikia kila siku kwenye habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila aliyetoka nyumbani kuja huku alianza kulielewa usiku wa kwanza, aliposhika chaja yake ya pini tatu bapa na kukuta ukutani matundu matatu makubwa ya duara. Umeme upo, chaja ni nzima, na simu bado inazima. Utangamano ndio uliokosekana.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English. Kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani kule San Francisco. Waya wake ulifanana na mkia, ndipo likaja jina la panya. Mkia huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1991 kampuni ya Logitech, iliyozaliwa kijijini Apples nchini Uswisi mwaka 1981, ilitoa kipanya kinachotumia mawimbi ya redio. Tangu hapo mkia umeanza kuwa hiari.

Ukikata mkia, habari za mkono wako lazima zipite hewani. Siku hizi vipanya karibu vyote visivyo na waya, vya Bluetooth na vya kipokezi, hupita kwenye mkanda uleule wa redio, kuanzia megahezi 2,400 hadi 2,483.5. Mkanda huu hauhitaji leseni, ndiyo maana umejaa. Wi-Fi imo, Bluetooth imo, vipokezi vimo, na hata oveni ya maikrowevu ya jikoni kwenye hosteli inavuja kidogo humohumo. Kwa hiyo anayekuambia "mimi sitaki Bluetooth, nataka cha redio" hajui kwamba vyote ni redio. Tofauti iko kwenye namna vinavyoongea na kwenye nani anavielewa.

Kwa Kiswahili, kitendo cha kuvifahamisha vifaa viwili kinaitwa kuoanisha, na neno limekaa mahali pake, kwa sababu ni ndoa kweli. Kipanya chenye kipokezi kimeozwa kiwandani. Unaponunua unapewa bwana na bibi ndani ya boksi moja. Ukichomeka kipokezi, laptopu inakiona kama kipanya cha kawaida cha waya, haiulizi maswali. Windows inakubali, Linux inakubali, Mac inakubali. Hata kabla mfumo haujaamka, kwenye ile skrini ya setingi za mwanzo, kipanya hiki mara nyingi kinafanya kazi. Huo ndio uzuri wake mkubwa: laptopu haihitaji kujua chochote kuhusu mawimbi, kazi yote inafanywa na kipokezi.

Ubaya wake ni kwamba bibi akipotea, bwana ni mjane. Kipokezi ni kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Kikianguka kwenye zulia la maktaba au kikibaki kwenye kompyuta ya maabara, kipanya ulichonacho mkononi ni plastiki tu. Huwezi kuazima kipokezi cha jirani, hata kama vinafanana kama mapacha. Wapo waliojaribu kupunguza tatizo hili: mwaka 2009 Logitech walileta mfumo wa Unifying, ambapo kipokezi kimoja kinaoana na vifaa hadi 6, mitala iliyovuka hata ile ya wanne. Mwaka 2021 wakaleta mwingine, Logi Bolt. Lakini kipanya cha Unifying hakiongei na kipokezi cha Bolt, ingawa jina la kampuni ni lilelile. Kwa hiyo hata ndani ya ukoo mmoja, uliza kwanza.

Bluetooth ni uchumba. Hapa laptopu yenyewe lazima iwe na redio ya Bluetooth tumboni, na mfumo wake uwe unaijua lugha hiyo. Unabonyeza kitufe cha chini ya kipanya, unasubiri jina litokee kwenye skrini, unakubali, wanafahamiana. Faida yake ni kwamba hakuna kidude cha kupoteza, na hakuna tundu la USB linaloliwa. Kwa laptopu nyembamba za siku hizi hili si jambo la kubeza. Mwaka 2015 Apple walitoa MacBook yenye tundu moja tu, la USB-C, na tangu hapo wengine wengi wamefuata njia ya kupunguza matundu. Mwenye laptopu ya namna hiyo akinunua kipanya cha kipokezi cha USB ya zamani, anarudi dukani tena kununua adapta.

Bluetooth pia ni lugha ya wote. Mwaka 1998 makampuni matano, Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, yalikaa pamoja na kuunda umoja wa kuisimamia, yakaipa jina la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyewaunganisha watu wake. Kipanya cha kampuni moja kinaongea na laptopu ya kampuni nyingine. Kinaongea hata na tableti. Kwa mwenye vifaa vingi ni nafuu kubwa.

Lakini jamani, hapa ndipo penye mtego, na naomba msome polepole. Neno Bluetooth kwenye boksi na neno Bluetooth kwenye laptopu si lazima liwe jambo moja. Mwaka 2010 lilitoka toleo la 4.0, na ndani yake kulikuwa na aina mpya inayotumia nguvu kidogo sana ya betri. Ile ya zamani ilikuwa ikirukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde. Hii mpya ina chaneli 40, na tatu kati yake, zile za kujitangazia, zimepangwa zikae pembeni ya chaneli za Wi-Fi zinazotumika sana, yaani 1, 6 na 11. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Ila ile ya zamani na hii mpya hazisikilizani. Vipanya vingi vya Bluetooth vya siku hizi vinatumia hii mpya peke yake. Kwa hiyo ukichukua laptopu ya mwaka 2009 yenye Bluetooth 2.1 na kipanya kilichoandikwa Bluetooth 5.0, vyote ni vizima, vyote ni Bluetooth, na vitakaa meza moja hadi kiama bila kusalimiana. Na si redio tu. Windows 7 yenyewe haikuja na uwezo wa kuielewa aina hii mpya, uwezo huo uliingia na Windows 8 mwaka 2012.

Kuna kero nyingine ya Bluetooth kwa sisi tunaoweka Windows na Linux kwenye laptopu moja. Wakati wa kuoana, kipanya na mfumo hupeana ufunguo wa siri. Ukihamia mfumo wa pili, ufunguo ule haumo, inabidi muoane upya. Ukirudi wa kwanza, naye ameshasahaulika. Vipo vipanya vyenye nafasi mbili au tatu za kukumbuka vifaa, hivyo vinasaidia. Cha kipokezi hakina habari na hayo yote.

Na usalama? Mwezi Februari 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza udhaifu waliouita MouseJack. Waligundua kwamba vipokezi vya makampuni kadhaa yanayojulikana, visivyo vya Bluetooth, vilikuwa vinapokea ujumbe bila kuhakikisha umetoka kwa nani. Mtu mwenye kifaa cha bei ndogo, akiwa mbali hadi mita 100, angeweza kujifanya kibodi na kuandika amri kwenye kompyuta yako. Baadhi ya makampuni yalitoa marekebisho. Sisemi haya kuwatisha, ila kama unatumia kipokezi cha zamani ulichookota kwenye droo la maabara, chomoa unapoondoka mezani.

Sasa niwaambie niliyoyaona kwa macho. Mwenzetu mmoja kutoka Kampala alikuwa anatetea pendekezo lake la utafiti. Chumba kimejaa, wazee watatu mbele, kalamu mkononi. Kila akisogeza kipanya, mshale unaruka kama panzi. Anataka kufungua grafu, unafunguka ukurasa mwingine. Nikamwona anaanza kutoa jasho, na mzee mmoja akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikatazama laptopu: kipokezi kimechomekwa upande wa kushoto, na kwenye tundu la jirani, sentimita mbili hivi, iko hadidiski ya nje ya USB 3.0 yenye data zake zote. Nikainuka, nikaomba radhi, nikakihamisha kipokezi upande wa kulia. Mshale ukatulia. Akaendelea, na pendekezo likapita.

Sio uchawi. USB 3.0 inapitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na mwendo huo unatoa kelele za redio zinazotapakaa hadi kwenye mkanda wetu wa gigahezi 2.4. Intel walilieleza jambo hili kwenye waraka wao wa mwaka 2012. Kipokezi kikikaa jirani na kelele hizo ni kama mtu anayejaribu kusikiliza simu huku amesimama kwenye spika ya harusi. Dawa ni kukisogeza mbali, au kutumia waya mfupi wa kurefusha wa USB. Bluetooth nayo inaweza kusumbuliwa na kelele hizohizo, kama hadidiski imelalia pale antena ya laptopu ilipo. Ila wakati ule nilichofikiri si mawimbi. Nilifikiri kwamba mtu amesoma mwaka mzima, na wanaompima walikuwa wanakaribia kumpima kwa kidude kisichozidi ukucha.

Nimeahidi habari za Korogwe. Dada yangu anafundisha sekondari kule, na shule yake ina chumba cha kompyuta. Ni laptopu 14, zimetoka kwa wafadhili wa Ulaya baada ya ofisi moja kuzichoka. Shida ni kwamba tachipedi zimechakaa. Nyingine mshale hausogei kabisa, nyingine unasogea unapotaka wenyewe. Akanipigia: "Mdogo wangu, watoto wana mtihani wa vitendo. Wanajua wanachotakiwa kufanya, ila wanashindwa kufika kwenye kitufe. Huko mliko hamwezi kutupatia vipanya?"

Nikalipeleka ombi kwa wenzangu hapa. Kwa kweli nilitegemea watu wawili watatu. Kumbe walichanga wengi, wengine randi 50, wengine 100, na mmoja ambaye najua hakuwa na hela ya kodi alileta 20. Ikafika randi 2,100. Pale ndipo mjadala ulipoanza.

Mwenzetu mmoja, mtu mwenye moyo mkubwa, akasema tupeleke vya Bluetooth, vizuri, vyeusi, visivyo na mkia. "Tutaonekanaje jamani? Tunatoka Durban na kupeleka vipanya vya waya? Vya waya si vimejaa Kariakoo?" Wengi wakaitikia, nami namwelewa. Sote tunajua macho ya nyumbani yanavyomtazama mtu aliyetoka nje akifungua begi. Zawadi ya ughaibuni inatakiwa ing'ae.

Nikaomba wiki moja. Nikamwandikia dada anisomee modeli za laptopu zote, moja baada ya nyingine, zile karatasi za chini ya laptopu, na afungue orodha ya vifaa ndani ya Windows. Ilimchukua jioni tatu, umeme unakuja na kukatika. Majibu yakaja: zote zina Windows 7. Laptopu 9 hazina Bluetooth kabisa. 5 zilizobaki zinayo, lakini nilipotafuta modeli zile nikakuta ni toleo la 2.1. Yaani kama tungepeleka vipanya vipya vya Bluetooth, katika laptopu 14 vingefanya kazi kwenye ngapi? Sifuri. Mmoja akauliza, je, tukinunua na vile vidude vya kuongeza Bluetooth kwenye USB? Hapo unaongeza gharama, unakula tundu lilelile ulilotaka kuliokoa, na Windows 7 bado haielewi.

Baada ya hapo ikabaki kipokezi au waya, na tukakaa na kalkuleta. Kwa bei tulizozikuta mjini, hela yetu ilitosha vipanya 6 vya Bluetooth, au 13 vya kipokezi, au zaidi ya 20 vya waya. Vya kipokezi vingefanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini fikiria chumba chenye watoto zaidi ya 40 wanaoingia kwa zamu, vipokezi vidogo kama punje za mahindi, na anayefagia asubuhi. Fikiria betri. Betri ya kipanya inaweza kudumu miezi mingi, ila siku inapokwisha lazima mtu atoe hela mfukoni, na shule haina fungu la betri. Nikajua mtu huyo atakuwa dada.

Mwenzetu kutoka Mombasa, dada mpole asiyesema sana, ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema: "Wale waliowapa hizo laptopu pia hawakuuliza. Walitoa walichokuwa nacho wakapiga picha. Nasi tukifanya hivyo tutakuwa na tofauti gani?" Kimya. Hakuna aliyepinga tena.

Tukanunua vipanya 20 vya waya, 14 vya kutumia na 6 vya akiba, na kimoja cha kipokezi kwa ajili ya mwalimu, kwa sababu yeye hutembea darasani huku projekta inawaka. Hela iliyobaki ilikwenda kwenye betri za hicho kimoja. Mwenzetu aliyekuwa anarudi likizo alivibeba kwenye begi lake kutoka uwanja wa King Shaka hadi Dar, kisha vikapanda basi. Dada alivipokea wiki mbili kabla ya mtihani. Alinipigia jioni ya siku ya kwanza. Hakusema vinang'aa wala having'ai. Alisema: "Leo wote wamemaliza zoezi kwa wakati. Sijawahi kuona." Nikaipeleka habari hiyo kwa waliochanga, kila mmoja kwa jina lake, na yule wa randi 20 nilimwambia wa kwanza.

Sasa, ndugu msomaji unayesubiri jibu lako, kabla hujatoa hela jiulize mambo yafuatayo. Kwanza, laptopu yako ina Bluetooth ya toleo gani? Ikiwa ni 4.0 au zaidi, na mfumo wake ni wa miaka ya karibuni, cha Bluetooth kitakufaa. Ikiwa ni mzee wa kununuliwa mkono wa pili, usiamini neno lililo kwenye boksi, tafuta modeli yako kwanza. Pili, una matundu mangapi, na ni ya umbo gani? Tatu, unafanya kazi gani? Mimi nachora vipande vya pampu kutwa nzima, nazungusha mchoro kwa kubonyeza gurudumu la kati, na mwaka wa kwanza kifundo cha mkono kiliniuma kwa sababu ya kutumia tachipedi. Mtu kama mimi hawezi kufanya mzaha na kipanya, nataka kisichosita, nami natumia cha kipokezi kilichochomekwa kwenye waya mfupi mbali na hadidiski. Anayeandika insha na kuhamahama kati ya laptopu na tableti, Bluetooth ni rafiki yake. Nne, betri yake ni ya aina gani? Mwaka 2023, umeme ulipokuwa ukikatwa hapa Afrika Kusini karibu kila siku, wenye vipanya vya kuchaji walitupigia hodi sisi wenye betri za kawaida.

Kuna mtu atauliza: na wewe ukinunua vya kupeleka nyumbani? Jibu langu ni piga simu kwanza. Uliza wana nini, uliza nani atakitunza, uliza kikiharibika kitatengenezwa na nani. Simu ya dakika kumi ni bei rahisi kuliko begi la vitu visivyofanya kazi, hata kama vinapendeza.

Nisiwadanganye kwamba waya hauna matatizo. Miezi michache baadaye dada alinitumia picha. Panya wa kweli, wa dari, aliingia chumba cha kompyuta wakati wa likizo akatafuna mikia ya vipanya viwili. Tulicheka sana hapa hosteli, na yule mwenzetu wa Bluetooth alicheka kuliko wote, haki yake. Nikamweleza dada kwamba ndani ya waya ule kuna nyaya nne, nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani, na kwamba kila rangi inaungwa na rangi yake. Akavipeleka kwa fundi redio aliye karibu na stendi. Fundi hakuwahi kuona kipanya cha kompyuta kwa ndani, lakini rangi nne alizijua. Aliviunga vyote viwili siku ileile, akavizungushia selotepu, na Jumatatu vilikuwa vimerudi mezani.